Mahali pa Kuvunjikia

Kila chombo kilichoundwa kubeba mzigo kina mahali pake pa kuvunjikia, na mtu anapotaka kukiimarisha huibuka swali kama mahali hapo panaweza kufutwa kabisa au panaweza kuhamishwa tu. Swali hilo ni la zamani kuliko gari, kwa kuwa wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi chini ya jina la udhaifu wa viumbe, na wahunzi wamelijadili kwa nyundo bila kulipa jina lolote. Lakini gari la kupita njia mbovu, na hasa ekseli yake ya mbele, hulileta kwa namna ambayo vitabu vya teolojia huikosa, maana katika ekseli udhaifu hupimwa, huuzwa, hununuliwa na kubadilishwa kwa spana.

Babati ni mahali panapofaa kulitazamia. Mji huo, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa wenyewe ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa linaloitwa kwa jina lake, juu ya njia kuu ya zamani iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Lami ya kutoka Arusha, Singida na Dodoma imeufanya kuwa njiapanda ambayo gari dogo lolote huipita bila wasiwasi. Ila anayeacha lami wakati wa masika ili kushuka katika Bonde la Kiru, au kuelekea Galapo upande wa Tarangire, au kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Madunga na Bashnet, hukutana na udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kunata ukilowa, na juu zaidi hukutana na mawe. Kwa sababu hiyo Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, na Land Rover za kale zaidi yao, bado ni vyombo vya kazi katika eneo hilo wala si vya maonyesho: hubeba mahindi, hubeba watalii, na hubeba wagonjwa wanaopelekwa Dareda au mbali zaidi hadi Haydom, ambako wamisionari wa Kilutheri wa Norwe walifungua hospitali mwaka 1955.

Ekseli ya mbele ya gari la aina hiyo ni boriti ya chuma iliyo wazi ndani, yenye difu iliyosogezwa upande mmoja, na difu ni mkusanyiko wa meno yanayopokea mzunguko kutoka kwenye propela na kuugawa kulia na kushoto kwa shafti mbili, moja ndefu na moja fupi. Kwa ekseli ya nyuma maelezo hayo yangetosha. Magurudumu ya mbele, hata hivyo, yana kazi mbili zinazogombana, kwa kuwa yanatakiwa kuvuta gari na wakati huohuo yanatakiwa kugeuka ili kukata kona, na shafti iliyonyooka haiwezi kugeuka; hivyo mwishoni mwa kila shafti huwekwa jointi, yaani kiungo kinachopitisha mzunguko hata pale pande zake mbili zinapokuwa zimepinda.

Jointi ya kale zaidi ni ile ya msalaba, ambayo Wazungu waliiita kwa majina ya Gerolamo Cardano wa karne ya 16 na Robert Hooke wa karne ya 17. Ni rahisi kuitengeneza na rahisi kuilainisha, lakini ina kasoro moja ambayo mwanafalsafa ataipenda kuliko fundi: upande wa kuingilia ukizunguka kwa mwendo ulio sawasawa, upande wa kutokea huongeza kasi na kuipunguza mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo mtetemo huo unavyozidi. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa alibuni jointi nyingine, ambayo ndani yake gololi sita hukaa kwenye kizimba chenye madirisha sita, kati ya kiini kilichochongwa mifereji na kikombe kilichochongwa mifereji ya kulingana nayo, na kwa mpangilio huo gololi zote hujiweka daima katika nusu kamili ya pembe iliyopo, hata mwendo unaotoka ukawa sawa na mwendo ulioingia. Jointi ya aina hiyo ndiyo iliyofichwa ndani ya mpira mkubwa wa chuma uliojaa grisi nyuma ya kila gurudumu la mbele la Land Cruiser yenye ekseli ya boriti, na ndiyo inayovunjika.

Inavunjika kwa sababu zinazoeleweka. Gari likiwa katika gia ya kwanza na transfa, yaani giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwa katika gia nzito, meno ya giaboksi, ya transfa na ya difu kwa pamoja huzidisha nguvu ya kusokota ya injini mara 40 na ushei. Kwa kawaida nguvu hiyo hugawanywa kwa magurudumu manne, lakini gurudumu moja likibanwa na jiwe huku mengine yakiwa hayana pa kushikia, na difu ikiwa imefungwa loki ili pande zake zizunguke pamoja, sehemu kubwa ya nguvu yote huishia kwenye shafti moja na gololi sita. Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, gololi hukaa pembeni kabisa mwa mifereji na kizimba hubeba mzigo ambao kikinyooka hakibebi. Dereva akirudi nyuma katika hali hiyo ili kujinasua kwenye tope, huku akikanyaga mafuta kwa hasira, kizimba hupasuka au kikombe hufunguka kama ua. Tairi kubwa kuliko zile za kiwandani huzidisha hatari, kwa kuwa nusu ya kipenyo cha tairi ni urefu wa mkono unaoisokota shafti.

Tiba ya fundi ni kuimarisha, na kuimarisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza unene, na hapo hesabu ina ukarimu wa ajabu, kwa sababu uwezo wa shafti kuhimili msokoto hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake, kiasi kwamba nyongeza ya asilimia 10 katika kipenyo huleta karibu asilimia 33 katika nguvu. Ukarimu huo una ukomo, kwa kuwa shafti lazima ipite katika matundu ya difu na ya spindo, na matundu hayo hayanenepi kwa kufuata matakwa ya tajiri wa gari. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi na watengenezaji wa spea za kuimarisha, ni kubadili chuma chenyewe, yaani kuacha chuma cha kawaida kilichogandishwa ugumu juu ya ngozi yake na kutumia aloi, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na madini mengine. Ile inayojulikana kwa namba 4340, kwa mfano, ina nikeli ya takriban asilimia 1.8, kromi ya asilimia 0.8 na molibdeni ya robo ya asilimia moja, na viwango hivyo vidogo hubadilisha tabia ya shafti yote.

Jambo linalofuata ndilo linaloleta falsafa. Shafti na jointi zikiisha kuimarishwa, mzigo uliokuwa ukiishia kwao haupotei hewani. Hurudi nyuma hadi kwenye krauni na pinioni, yaani yale meno makubwa ya difu, au huenda mbele hadi kwenye habu na boliti zake, na kitakachovunjika safari hii ni kitu cha bei kubwa zaidi na cha kazi ndefu zaidi kukibadilisha. Jointi iliyovunjika hutolewa kando ya njia na fundi mwenye jeki, nyundo, matambara na saa chache za mchana. Difu iliyokatika meno hudai gari livutwe hadi gereji. Mafundi wazoefu hulijua hilo, na ndiyo maana wengine wao humshauri mteja abaki na jointi za kiwandani na abebe nyingine nyuma ya kiti, ushauri ambao kwa mtu asiyejua huonekana kama uvivu au ufukara wa mawazo.

Ushauri huo una ndani yake nadharia nzima ya udhaifu. Fyuzi ya umeme wa nyumbani ni waya mwembamba uliowekwa kwa makusudi ili uungue kabla ya nyumba, na hakuna anayesema kwamba fyuzi ni kasoro ya nyumba. Jointi ya kiwandani, kwa mtazamo huo, ni fyuzi ya ekseli. Mhandisi aliyeipima hakushindwa kuifanya nene zaidi. Alichagua kwamba kikivunjika kitu kivunjike hapo, karibu na nje, mahali ambapo mkono unafika. Kuimarisha, basi, ni kuhamisha udhaifu kutoka mahali palipochaguliwa na kuupeleka mahali ambapo pengine hapakuchaguliwa na mtu yeyote, na anayedhani ameuondoa amekosa tu kuuliza umekwenda wapi.

Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu, kwamba nguvu hiyo huweza kuongezwa au kupunguzwa, na kwamba viumbe vyote vimeungana kiasi kwamba hakuna kinachotikisika peke yake. Wakosoaji wake, akiwamo Paulin Hountondji wa Benin, walimlaumu kwa kuwatwika mamilioni ya watu fikra moja ambayo hawakuulizwa kama wanaikubali, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, wazo lenyewe, likitengwa na madai kwamba ni la kila Mbantu, lina faida hapa, kwa sababu linakataa kuichukulia nguvu kama mali ya kitu kimoja kilichojitenga. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye mwaka 1956 alichapisha uchunguzi makini zaidi uliojengwa juu ya sarufi ya lugha yake mwenyewe, alivigawa vilivyopo katika makundi manne: umuntu, yaani kiumbe chenye akili, ikintu, yaani kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna kitu kilivyo, pamoja na wingi wake, sifa zake na uhusiano wake na vingine. Msomaji wa Kiswahili anawatambua ndugu wa maneno hayo bila kufundishwa, kwa kuwa mtu na kitu ni walewale.

Kosa la tajiri anayenunua shafti za aloi akidhani amenunua nguvu ni kosa la kuyachanganya makundi hayo. Anachonunua ni kitu, hali nguvu anayoitafuta ni ya kundi la namna: ni uhusiano kati ya shafti, difu, tairi, udongo wa mbuga na mguu wa dereva. Shafti moja ni imara kwa dereva mmoja na dhaifu kwa mwingine, ingawa chuma ni kilekile. Na dereva anayejua kunyoosha usukani kabla ya kukanyaga mafuta ameiimarisha jointi yake bila kutumia hata shilingi. Pengine Kagame asingefurahi kuona makundi yake yakipakwa grisi, lakini kundi la ukuntu halikuwekewa mpaka wa usafi.

Teolojia huingia hapo kwa mlango mwingine. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba katika yote yanayowezekana hakuna lililo kamili zaidi kuliko ulimwengu kama ulivyo, na kauli hiyo ikazua ubishi uliodumu kwa karne nyingi, kwa kuwa wapo wanazuoni walioona kwamba inauwekea mipaka uwezo wa Mungu. Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1710 kuhusu haki ya Mungu, alifika mahali pa karibu na hapo kwa njia yake, akifundisha kwamba kiumbe hakiwezi kukosa upungufu kwa sababu ni kiumbe, na kwamba palipobaki kuchaguliwa ni mpangilio tu wa upungufu huo katika jumla iliyo bora. Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, alikwenda mbali zaidi na kuuona udhaifu kuwa mahali hasa ambapo uwezo wa Mungu hufanya kazi. Wote watatu, pamoja na tofauti zao kubwa, wanakubali kwamba udhaifu unaweza kuwa na mahali panapoufaa. Na mji kama Babati, ambamo msikiti na kanisa hupokea madereva walewale wa safari zilezile, una wasikilizaji wa hoja hiyo pande zote mbili.

Mlinganisho huo, hata hivyo, usiachwe uende mbali kuliko unavyostahili, kwa kuwa kati ya Muumba na mhandisi kuna tofauti ambayo mabingwa wa kutetea mpangilio wa dunia huipita haraka. Mhandisi aliyeifanya jointi kuwa fyuzi hataketi kwenye tope siku itakapoungua. Aliyeuweka udhaifu na anayeubeba ni watu wawili, na neno hekima, likitumiwa kwa mpangilio ambao mzigo wake unamwangukia mwingine, hudai ushahidi zaidi kuliko linapotumiwa kwa mpangilio ambao mpangaji mwenyewe anaulipia. Ikiwa gari limebeba magunia, jointi kukatika ni hasara. Ikiwa limebeba mama mjamzito usiku, hoja ya kwamba jointi ni rahisi kubadilisha kuliko difu inabaki kuwa kweli ya kihandisi isiyomsaidia mtu. Kwa gari la namna hiyo uimarishaji una hoja nzito, mradi uendelee nyuma hadi kwenye difu na usiishie pale fedha zilipoishia.

Tena wapo wanaoubeba udhaifu uliohamishwa bila kuwamo garini. Gari lisilovunjika huenda mbali zaidi kabla ya kukwama, na hupita mahali ambapo gari dhaifu lingeghairi. Likipita katika mbuga iliyolowa huku magurudumu yote manne yakichimba, huacha nyuma yake mifereji miwili ya kina, ambayo jua la Juni huigeuza kuwa migumu kama matofali. Mwenye baiskeli iliyopakia mkaa, mwenye mkokoteni wa punda na mama mwenye ndoo kichwani ndio watakaoipita mifereji hiyo kwa miezi inayofuata. Kilichokuwa udhaifu wa shafti sasa ni udhaifu wa njia. Aliyelipia shafti hakuilipia njia, na hesabu ya gereji, hata ikiwa imeandikwa kwa uaminifu na kupigwa muhuri, haina mstari wa kuliandika hilo.

Kuna sifa nyingine ya chuma ambayo maneno ya kila siku huificha, kwa sababu Kiswahili cha mitaani hutumia neno gumu kwa mambo mawili yasiyofanana. Chuma kinaweza kuwa kigumu kwa maana ya kutokubali kukwaruzwa wala kupindwa, na kinaweza kuwa kistahimilivu kwa maana ya kukubali kupindwa kwanza kabla ya kukatika. Na mara nyingi kadiri sifa ya kwanza inavyozidi ndivyo ya pili inavyopungua. Shafti ya kiwandani hutengenezwa kwa maafikiano ya sifa hizo, ngozi ngumu juu ya moyo laini, na ikizidiwa mara kwa mara huanza kusokoteka kabla ya kukatika, hata fundi akiichomoa huona meno yake ya mwishoni yamelala kama kamba iliyosukwa. Hiyo ni ilani. Shafti iliyogandishwa kupita kiasi na fundi wa keezo asiyejua kupima moto haitoi ilani yoyote. Huonekana mpya hadi sekunde inapokatika, na mkato wake hung'aa kama chumvi. Kama katika vyombo kuna kitu kinachofanana na ukweli wa nafsi, basi kipo katika meno yaliyolala, kwa maana kwamba hali ya ndani imejitokeza nje ilhali bado kuna muda wa kufanya jambo.

Wahunzi waliyajua hayo kabla ya aloi kupewa namba. Miongoni mwa Wadatoga, wafugaji ambao tawi lao la Barbaig linaishi kuuzunguka Mlima Hanang na ambao jamaa zao wengine wako karibu na Ziwa Eyasi, kazi ya chuma ni ya kundi moja linaloitwa Gidang'odiga, ambalo hufua vichwa vya mishale kwa misumari, hufua visu na mikuki kwa vyuma chakavu, na huyeyusha kufuli na bomba za shaba kuwa bangili. Anayefua ncha ya mshale kwa msumari huchagua kila siku mahali pa kuweka ugumu na mahali pa kuacha ulaini, kwa kuwa ncha isiyokuwa ngumu haichomi, na shina lililo gumu kama ncha hukatika linapogonga mfupa. Jamii ya Wadatoga nayo ilifanya uchaguzi wa aina hiyo juu ya wahunzi wenyewe: kimila waliwekwa kando, wakahesabiwa kuwa na unajisi unaotokana na moto na chuma, na wengine hawakuoana nao, ingawa hakuna boma lililoweza kuishi bila kazi yao. Jumla ilibaki safi kwa kuutua uchafu wake wote juu ya sehemu moja iliyo karibu na nje, mahali ambapo mkono unafika. Hapana dalili kwamba sehemu hiyo iliulizwa, na mfugaji aliyeusifu mkuki wake mbele ya wenzake, akaupima uzito na kuutaja uimara wake, kwa mila asingemwoza binti yake kwa mwana wa mtu aliyeufua.